Gunia la Brigid

Ukitaka kugombana na Wabuge, muulize tanki lako litakuwa tayari lini. Banda lake liko Huruma, pale lami inapokata tamaa na kuwa vumbi, na kazi yake ni matangi ya maji na mifereji ya kuvunia mvua, vyote vya mabati. Tanki likiisha kuungwa, halitoki. Analijaza maji mpaka shingoni, analiacha mbele ya banda siku tatu, kisha anapitisha kidole kwenye kila kiungo akitafuta unyevu. Mwenye tanki anakuja Jumatatu, anaambiwa bado. Anakuja Jumatano, bado. Wateja wamemtukana, wamempachika jina la Fundi Bado, naye hajali, maana kwa miaka ishirini na mitatu hakuna tanki lake hata moja lililorudishwa. Hilo ndilo jambo alilojivunia kuliko yote duniani, ukimwondoa Brigid.

Brigid, mkewe, alikuwa fundi pia, wa cherehani. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya katika chumba chao cha kupanga, na kazi yake ilitoka siku aliyoahidi, hata kama vifungo viwili vilikuwa bado vinaning'inia. "Kifungo nitakishona kesho," alikuwa akimwambia mumewe. "Lakini harusi ni leo, Fundi. Bibi harusi nimwambie nini?" Wabuge alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyesikia dhambi.

Mwezi wa nane chakula kilianza kumkwama Brigid. Kwanza ugali, halafu wali, halafu hata ndizi iliyopondwa. Walipofika hospitali kubwa waliambiwa ni saratani ya koo, na kwamba imekwisha kwenda mbali. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Wabuge. Walipotoka nje wakaketi kwenye benchi karibu na lango, na Brigid akawa anatazama watu wanaouza matunda. Kisha akasema anataka kitu kimoja tu.

"Nataka kukaa juu ya maji mara moja tena, na tanga juu ya kichwa changu."

Wabuge alijua yalikotoka hayo. Yeye ni mtu wa Kimilili, mtu wa mlimani, na maji kwake ni kitu kinachokaa ndani ya tanki. Brigid alizaliwa Port Victoria, ukingoni mwa ziwa, na baba yake alikuwa akivusha watu kwenda visiwani kwa mtumbwi wa tanga. Brigid mwenyewe alishika usukani akiwa na miaka tisa. Lakini safari ya kwenda huko sasa ilikuwa haiwezekani, kwani hata kutoka hospitali hadi Huruma alitapika mara mbili njiani. Kama Brigid hawezi kufika kwenye maji ya kwao, basi mashua ingelazimika kuja kwenye maji ya huku.

"Nitakutengenezea," Wabuge akasema. "Mzee Kigen wa Soy ana bwawa. Kabla ya Krismasi utakuwa umepanda."

Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, na Brigid alimshika mkono kana kwamba mashua imekwisha kutengenezwa.

Mzee Kigen alikuwa mkulima wa nje ya mji ambaye Wabuge alimwekea mifereji kwenye paa zote, za nyumba, za ghala na za zizi. Kila asubuhi pikapu yake ilileta maziwa mjini na kurudi tupu. Bwawa lake lilikuwa pana, la kunyweshea ng'ombe na mashamba, na upande wa mashariki hakukuwa na mti wa kuzuia upepo. Alipoulizwa alicheka kwanza, kisha akaambiwa ni kwa nini, akaacha kucheka na kusema pikapu ni yao.

Wabuge hakutaka mtumbwi. Mtumbwi unayumba, na Brigid alikuwa hawezi tena kujishikilia. Alikuwa ameona kwenye simu mashua ndogo ya miili miwili iliyolala sambamba, katikati ikaunganishwa kwa vyuma na wavu, pana kama kitanda. Watu waliiita katamarani. Yeye aliita ile miili miguu, na akasema mwenye miguu miwili haanguki ovyo. Kila mguu aliutengeneza kwa mabati, mrefu kumshinda mtu mara mbili, umechongoka mbele na kuzibwa juu. Akakata vyuma viwili vya kuunganisha, akavitoboa matundu ya bolti. Akasuka wavu wa kamba za nailoni. Juu ya wavu akafunga kiti cha plastiki alichokikata miguu, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Tanga lilikuwa kazi ya Brigid. Alilishona kitandani, kwa kitambaa cha hema la kanisa kilichobaki, akipumzika kila baada ya mshono. Lilimchukua siku tisa. Katikati ya tanga alishonelea safu ya kamba fupi fupi zinazoning'inia, na Wabuge akauliza ni za nini.

"Hizo ni za siku ya upepo," akasema. "Utajua tu. Wewe maliza miguu yako."

Miguu yenyewe ilikuwa imekaa mbele ya banda, imejaa maji, siku ya tatu.

Siku ya kushusha mashua majini ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Brigid alibaki nyumbani, maana Wabuge alisema atangulie yeye kwanza, aone. Yeye na Mzee Kigen waliilaza miguu kwenye nyasi za uani ikielekea upepo unakotoka, wakapitisha vyuma, wakakaza bolti, wakavuta wavu mpaka ukalia kama ngoma. Mlingoti ulipoanza kunyanyuliwa Mzee Kigen alipiga kelele, kwani nyaya za stima zilikatiza juu ya ua wake, na mlingoti wa bomba la chuma hauna urafiki na stima. Wakaisogeza mashua hatua hamsini, wakausimamisha mlingoti huko, wakaufunga kwa nyaya tatu, mbili pembeni na moja mbele. Ilipendeza. Wabuge akaisukuma majini, akapanda, na upepo ukashika tanga.

Hakufika mbali. Miguu yote miwili ilianza kulemea nyuma, polepole, na ndani ya dakika chache mashua iliketi chini kama ng'ombe aliyechoka, na Wabuge amesimama maji kifuani. Mtengeneza matangi, mnajua, haachi kuweka tundu la kutolea maji. Aliweka tundu nyuma ya kila mguu ili amwage yale maji ya kujaribia, akachomoa vizibo viwili, akavitia mfukoni mwa koti. Koti lilikuwa limetundikwa uani kwa Mzee Kigen.

Brigid aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia machozi, na bado akawa anacheka. "Vizibo! Baba alikuwa anashika vizibo kabla ya kusema hata habari ya asubuhi."

Wabuge hakucheka. Alikuwa ameona kile kiti cha plastiki kikiingia majini taratibu, tupu, na macho yake yalikuwa yamemweka mtu pale. Kuanzia siku hiyo woga ulimwingia, woga wa kumzamisha mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na fundi akiingiwa na woga hufanya lile alilolizoea. Akaamua kujaribu.

Mtu hujaribu tanki kwa maji. Mashua ya kubeba Brigid ingejaribiwa kwa Brigid, au kwa kitu chenye uzito wake. Mzee Kigen alikuwa ametoka kuvuna, akampa mahindi ndani ya gunia. Kadi ya kliniki ya Alhamisi ilisema kilo hamsini na mbili, basi Wabuge akalipima gunia kwenye mizani ya ghalani mpaka likafika hamsini na mbili kamili, punje za mwisho akizitia kwa mkono. Akalikalisha kitini, akalivisha lile jaketi la kuelea la rangi ya machungwa alilomnunulia mkewe, akalifunga mkanda.

"Fundi," Mzee Kigen akasema, "hata bibi yangu sijawahi kumbeba hivyo."

Jumamosi ya kwanza na gunia, pini ya usukani ilichomoka. Bado, Wabuge akasema alipofika nyumbani. Jumamosi ya pili nyaya za mlingoti zililegea. Bado. Jumamosi ya tatu alichoka kuishika kamba inayovuta tanga, akaifunga kwenye chuma ili apumzishe kiganja. Upepo mmoja ukaja kwa ghafla, mguu mmoja ukapaa hewani, na mashua ikalala ubavu na gunia lake. Waliisimamisha kwa kuuvuta mlingoti kwa kamba ya trekta, na mahindi yakaanikwa juani siku mbili.

"Hiyo kamba haifungwi," Brigid akamwambia kutoka kitandani, akimwita kwa jina la mtoto wao. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. "Inashikwa kwa mkono, Baba Tyson. Upepo ukizidi, unaiachilia tu, na mashua inatulia. Si ungeniuliza? Twende na mimi, nitakaa nikikuambia."

"Na ingekuwa ni wewe kwa kiti?"

"Ingekuwa ni mimi, ungekuwa hujaifunga."

Hilo lilikuwa kweli, na Wabuge alilijua kuwa ni kweli, na bado hakulisikia. Krismasi ikapita.

Brigid alianza kuliita lile gunia mke mwenzake. "Mke mwenzangu amezunguka dam mara ngapi sasa? Anavaa jaketi yangu, anakalia kiti yangu. Amependeza?" Alisema kwa utani, na jirani waliokuja kumwona walicheka. Wabuge alicheka pia. Lakini kila alipotoka Jumamosi alfajiri kwenda kungoja pikapu, alisikia macho ya mkewe mgongoni.

Kulikuwa na jambo ambalo Brigid hakuambiwa. Kila Alhamisi kliniki ilimpima, na kila Alhamisi kadi ilisema pungufu. Hamsini na mbili ikawa arobaini na nane. Arobaini na nane ikawa arobaini na sita, kisha arobaini na tatu. Na kila Jumamosi, kabla ya kulibeba gunia hadi mashuani, Wabuge alilifungua kamba na kuchota. Alichota kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia nafaka sokoni. Gorogoro mbili. Wiki nyingine moja. Wiki nyingine moja na nusu. Alichota akiwa amempa Mzee Kigen mgongo, na mikono yake ilikuwa mizito kama anaiba. Hakuweza kuyaacha yale mahindi ghalani, wala kuwamwagia kuku. Aliyatia kwenye mfuko, akarudi nayo Huruma, akayasagisha kwa posho mill, na unga ule akamkorogea Brigid uji mwepesi, kwani uji ndio pekee uliokuwa bado unapita.

Brigid alikuwa mgonjwa, hakuwa mjinga. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza alikishika kikombe bila kunywa.

"Hii mahindi unatoa wapi kila Jumamosi?"

"Kwa Mzee."

"Mzee alikupatia gunia moja. Uliniambia ni moja."

Wabuge akashika ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

"Baba Tyson. Unatoa kwa gunia?"

"Ndiyo."

"Kwa nini unalipunguza?"

Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye ukuta, pale kadi ya kliniki ilipochomekwa nyuma ya kalenda, na Brigid akayafuata macho hayo, akafika kwenye kadi, akaelewa. Nje mtu alikuwa anagonga bati, nyundo juu ya nyundo. Kisha Brigid akakipeleka kikombe mdomoni, akanywa funda moja kwa shida, akalimeza akiwa amefumba macho.

"Kumbe unanitoa kule," akasema, "halafu unanirudisha hapa."

Wabuge akaketi chini sakafuni na ufagio wake akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na jirani wakasikia, na hakujali. Brigid aliushusha mkono wake kutoka kitandani ukamfikia kichwani.

"Sasa basi. Wacha hiyo gunia ipumzike. Jumamosi unipeleke mimi."

"Nitakupeleka."

"Mimi, Wabuge. Sio bado."

"Jumamosi, Brigid. Nimesema."

Na Jumamosi alimpeleka, hilo asinyimwe. Mzee Kigen mwenyewe aliendesha pikapu, polepole, akikwepa kila shimo la barabara ya Soy kana kwamba amebeba mayai. Brigid alikuwa amefungwa kitambaa kizuri kichwani. Mashua ilikuwa ukingoni, vizibo vimekazwa, tanga limepandishwa, imeelekea upepo, na nusu ya miguu yake ilikuwa tayari kwenye maji. Alipoiona alifunika mdomo kwa mkono. "Hii kitu ni nzuri," akasema. "Kwa kweli ni nzuri, Fundi." Wabuge alikuwa hajawahi kusifiwa kazi akasikia uchungu namna ile.

Akamnyanyua kutoka pikapu. Ilikuwa hatua arobaini hadi mashuani, na ni hatua zilezile alizozitembea kila Jumamosi na gunia kifuani. Mikono yake iliijua kazi hiyo. Kufika hatua ya kumi, mikono ikamwambia jambo. Kadi ya Alhamisi ilisema arobaini na moja, na ijapokuwa Brigid alimkataza kulijaribu gunia tena, alikuwa ametangulia ghalani alfajiri hiyo na kulipunguza hadi arobaini na moja. Lakini huyu aliyembeba hakuwa arobaini na moja. Alikuwa chini ya hapo. Siku mbili tu zilikuwa zimepita.

Alimkalisha kitini, akamvisha jaketi, akamfunga mkanda. Jaketi lilibaki na nafasi. Akasimama. Upepo ulikuwa umeongezeka, ukavuruga maji ya katikati yakawa na povu jeupe, na tanga likapiga kelele juu yao. Akatazama maji, akatazama ghala penye mizani, na Brigid akamwona anavyotazama.

"Usithubutu," akasema. "Hutanipima kama maziwa."

"Umekuwa mwepesi kuliko gunia, Brigid. Mimi nimejaribu na kilo zingine. Na upepo sio ule wa siku zote."

"Huu upepo ni mzuri. Funga zile kamba fupi, tanga inakuwa nusu, twende. Baba angeenda."

"Mguu ukiinuka upande wako sina cha kukuzuia."

"Niko mimi. Nitakuambia."

"Bado kidogo tu. Jumamosi ijayo nitakuwa nimetengeneza uzito mpya, nijaribu asubuhi, na wewe jioni hiyohiyo..."

Hakumalizia, kwa sababu Brigid alikuwa anamtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Afadhali ingekuwako.

"Wabuge," akasema, "kila ukinipima nitakuwa nimepungua. Hutanifikia."

Mzee Kigen, aliyekuwa ameshika mashua kwa mbele, aligeuza uso akatazama ng'ombe wake. Fundi alisimama na maji kwenye magoti. Angeweza kusukuma. Kusukuma kwenyewe kungekuwa jambo la mkono mmoja. Badala yake akaishika mashua kwa nguvu zaidi.

Basi Brigid akavuta pumzi, na akasema kama mwalimu aliyekubali kwamba somo la leo litakuwa la ubaoni tu, "Panda hapo kwa usukani. Kama hatuendi, nisikilize."

Akapanda. Na pale pale, miguu ya mashua imekaa kwenye tope, Brigid akampeleka safari nzima kwa mdomo. Alimfundisha kuzikaza zile kamba fupi, akangoja mpaka afanye. Akamwambia upepo sasa uko bega lake la kushoto, avute kamba, asivute sana. Akamwambia uso wa maji ukiwa mweusi mbele, huo ni upepo unakuja, alegeze kabla haujafika. "Sasa tunageuka. Sukuma usukani mbali na wewe. Inamisha kichwa, tanga inapita. Hamia upande huu. Umeona?" Alikuwa amefumba macho. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa wavu, na vidole vilikaza na kulegea, vikikaza na kulegea, na upepo ulimpiga usoni ukakivuta kitambaa chake nyuma. Wabuge alisukuma usukani ndani ya tope kama alivyoambiwa, akainama, akahama. Walizunguka bwawa lote hivyo. Ilichukua karibu saa moja.

"Tumefika," Brigid akasema mwishoni, akafumbua macho, akaona nyasi zilezile. "Nirudishe nyumbani. Nasikia baridi."

Alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Wabuge alikuwa amekwisha kumwomba Mzee Kigen kwa simu kwamba mizani iwe tayari Jumamosi.

Walimzika Kimilili, kwenye boma la mumewe, juu mlimani, mahali ambapo maji ni ya kisima na hayana ukingo wa pili. Tyson, mtoto wao, alikuja kutoka Qatar anakofanya kazi, akasimama kaburini katika suti isiyomtosha, akarudi. Watu walimwambia Wabuge amefanya alichoweza. Alimtibu, alimlisha, hata mashua alimtengenezea, ni mume gani mwingine wa Huruma amemfanyia mkewe hivyo? Walisema kwa nia njema. Kila aliposikia neno mashua alitamani ardhi impasukie.

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi alipanda pikapu ya maziwa bila kumwambia mtu sababu. Alipofika alikwenda ghalani moja kwa moja. Gunia lilikuwa pale alipoliacha, limeegemea ukuta, limefungwa kamba kwa fundo lake mwenyewe. Alilitazama. Hakuligusa. Hakukuwa na gorogoro ya kuchotea kilichopungua sasa.

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashariki, na katikati ya bwawa kulikuwa na povu jeupe. Aliona na akajua ni upepo uleule, kama si zaidi. Akachukua vizibo mfukoni, akavikaza kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Akapandisha tanga. Akazikaza zile kamba fupi moja moja, tanga likawa nusu. Kiti kilikuwa kitupu, na jaketi la rangi ya machungwa limefungwa juu yake kwa mkanda, bila mtu. Akasukuma.

Mashua ikaondoka kama kitu kilichochoka kungojeshwa. Upepo ulikaa kwenye bega lake la kushoto. Alivuta kamba, hakuvuta sana. Uso wa maji ulipokuwa mweusi mbele alilegeza kabla haujafika, na upepo ukapita ukawaacha wametulia, yeye na kiti. Aligeuka, akainama, akahama. Kila kitu alichoambiwa kwenye tope kilikuwa hivyo hivyo kwenye maji, neno kwa neno. Mguu haukuinuka. Bila gunia, bila kilo arobaini na moja, bila kilo hata moja upande ule, mashua ilikwenda sawa. Uzito wa Brigid haukuwa na maana yoyote. Ule wa hamsini na mbili haukuwa na maana, wala ule wa arobaini na tatu. Angeweza kumpeleka wiki yoyote ile.

Hapo ndipo Wabuge alipoanza kuitafutia mashua kosa. Alilivuta tanga lote kwa ghafla, upepo ulipokuwa mkali, akitaka ilale. Haikulala. Akaigeuza kwa nguvu isivyostahili. Ilitikisika, ikanyooka, ikaendelea. Alitamani pini ichomoke. Alitamani waya ukatike, mshono upasuke, apinduke yeye na aibu yake, apate kusema mbele ya Mungu na mbele ya Brigid kwamba unaona, nilikuwa sahihi, ningekuua. "Vunjika!" akaipigia kelele katikati ya bwawa. "Vunjika basi!" Ng'ombe wa Mzee Kigen waliinua vichwa wakatazama, wakarudi kwenye nyasi. Mashua ilimzungusha bwawa zima, ikamrudisha ukingoni, ikamweka kwenye tope lilelile, taratibu.

Mzee Kigen alishuka kumsaidia kuivuta. Kwa mazoea ya wiki zote zile akauliza alichokuwa akiuliza kila Jumamosi.

"Fundi, leo imepata shida gani?"

Wabuge alikwenda nyuma ya mashua, akapiga magoti kwenye nyasi, akachomoa kizibo cha mguu wa kushoto. Akaweka kiganja chini ya tundu, akangoja kama anavyongoja kila mara. Akachomoa cha kulia, akaweka kiganja cha pili. Mzee Kigen alisimama kando yake na kofia mkononi, na walikaa hivyo muda mrefu, mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti, viganja vimefunguliwa chini ya matundu mawili.

"Iko tayari, Mzee," Wabuge akasema.

Halikutoka hata tone.